Rika Moja na Kimeli

Mtu wa sita naye alisema yale yale.

"Kiplangat? Huyo ni rika moja na Kimeli," alisema Sally, mwenye duka la pembejeo pale Silibwet, huku akimpimia mteja chumvi ya ng'ombe. "Walitoka jandoni siku moja. Desemba, elfu mbili kumi na mbili. Hata mimi nilisaidia kupika."

"Na Kimeli alizaliwa lini?"

"Tisini na nane. Ile mwaka ya El Nino. Daraja ilibebwa na maji, mama yake akazalia kwa nyumba. Hiyo siwezi sahau."

Nyathira Kinuthia aliandika, akafunga daftari, akalipia soda ambayo hakuinywa. Alikuwa amekaa polisi miaka kumi na miwili, upande wa upelelezi, kabla ya kufungua ofisi yake mwenyewe mjini Kericho, na huko alijifunza kwamba watu sita wasiopangana wakisema neno moja, neno hilo huwa kweli. Mzee wa kanisa alikuwa amesema. Mlinzi wa kiwanda cha chai, fundi wa baiskeli, mama wa kwaya, jirani wa shamba la pili, na sasa Sally. Wote walijibu bila kutafuta maneno, na wawili kati yao walimpenda kijana huyo kiasi cha kuweka picha yake kwenye simu.

Kama ni kweli, basi Kiplangat hakuwa na miaka ishirini na mitatu kama alivyosema. Alikuwa na ishirini na minane, na kufikia Ijumaa Nyathira angelazimika kuandika hivyo na kutia sahihi.

Aliingia kwenye gari lake, akafungua tena faili aliyotumiwa kutoka Marekani.

Kurasa tatu za kwanza zilimsifu Kiplangat mno. Alikuwa akichezea chuo kimoja cha huko mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, na nafasi yake ilikuwa ya mlinzi wa kushoto. Kazi ya mlinzi huyo ni moja tu: kusimama kati ya mrushaji mpira wa timu yake na majitu yanayokuja kumvunja. Hagusi mpira. Hafungi. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemtaja. Walikuwa wamempima hadi wakachoka: futi sita na inchi sita, kilo mia moja arobaini na nne, mkono inchi thelathini na tano kasoro robo, kiganja inchi kumi na nusu. Waliandika kwamba miguu yake ni myepesi, kwamba anakaa chini kana kwamba ana kiti kisichoonekana, kwamba harukii mtu bali anamngoja. Waliandika na kasoro zake: mkono wa kushoto huchelewa, na akichoka husimama wima kupita kiasi. Timu za kulipwa zingechagua wachezaji wao wapya wiki iliyofuata, na timu iliyomtumia Nyathira faili hii ilitaka kumchukua mapema.

Ukurasa wa nne ndio uliomleta Nyathira Silibwet.

Mwezi wa Machi, timu zote zilikuwa zimepokea barua isiyo na sahihi. Ilisema Kiplangat amedanganya umri. Alipitia jando tarehe kumi na tano Desemba, mwaka wa 2012, pamoja na vijana kumi, wote wa mwaka 1997 na 1998. Kwa hiyo na yeye ni wa 1998. Barua ilikuja na picha: vijana kumi na mmoja kwenye mstari, wamevishwa mashada ya karatasi za kung'aa, midomo imefumbwa, na Kiplangat ndiye mrefu kuliko wote. Skauti wa timu, yaani mtafuta vipaji wake, alikuwa ameandika chini ya picha hiyo kwa kalamu nyekundu: *Huyu ni mtoto wa miaka tisa?*

Hoja yenyewe ilieleweka. Mtu mzima wa miaka ishirini na minane akimsukuma mtoto wa ishirini, hicho si kipaji, ni umri. Nyathira hakuwa na ugomvi na hoja hiyo. Ugomvi wake ulikuwa na mistari miwili.

Wa kwanza ulikuwa jibu la skauti baada ya Nyathira kumtumia sajili ya shule ya msingi, inayoonyesha kwamba mwaka 2012 Kiplangat alikuwa darasa la tatu. Skauti alijibu: *Karatasi za huko hatuzihesabu. Unajua mwenyewe zinavyopatikana.* Nyathira alikuwa wa huko. Cheti chake cha kuzaliwa, cha shule, na cha kifo cha baba yake vyote vilitoka huko. Alikuwa ameisoma barua pepe hiyo mara tatu, na kila mara alihisi mtu amemwingilia sebuleni kwake na viatu vya matope.

Wa pili ulikuwa kwenye faili, chini ya neno *Tabia*. Ulisema kwamba katika mahojiano ya Februari, wakati uvumi huo ulipoanza, Kiplangat aliulizwa kuhusu jando: lilikuwa lini, alikuwa na nani, yapi yalifanyika. Hakujibu. Aliulizwa tena. Alikaa kimya dakika nne nzima, mikono magotini, akiwatazama. *Mkaidi. Anaficha jambo.*

Aliwasha gari.

* * *

Kimeli, kaka yake Kiplangat, alikuwa kwenye shamba la chai la mama yao, juu ya Silibwet, kikapu mgongoni, na hakuacha kuchuma alipomwona. Gari la kiwanda lingefika kituoni saa nane na majani hayakuwa yamejaa hata nusu.

"Madam, karibu. Utanifuata kwa mstari, siwezi simama."

Nyathira alimfuata, viatu vikiteleza. Kimeli alikuwa mtu mkubwa mwenyewe, ingawa si wa kutisha, na alichuma kwa mikono miwili bila kuitazama.

"Kimeli, nimeongea na watu sita. Wote wanasema Kiplangat ni rika lako."

"Ni ukweli."

"Wewe ni wa tisini na nane."

"Ndiyo."

"Basi na yeye? Ni pacha wako?"

"Yeye ni wa elfu mbili na tatu. Mwezi wa tatu."

Nyathira alisimama. "Umesema ni rika lako."

"Si tulitoka pamoja?" Kimeli aligeuka sasa, akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza kama chai huchimbwa. "Rika ni wale mlitoka na wao, madam. Hata kama mmoja ni mzee. Kiplangat ni mdogo wangu kwa miaka tano, lakini ni rika yangu. Siwezi mtuma dukani siku hizi."

Damu ilimpanda Nyathira usoni, na safari hii hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. Baba yake, aliyehamia Kericho kutoka Murang'a akiwa kijana, alikuwa na rafiki aitwaye Muturi. Waliitana rika hadi siku ya mazishi, ilhali Muturi alikuwa mkubwa wake kwa miaka minane, na Nyathira aliyajua hayo tangu akiwa na meno ya utoto. Alikuwa amekwenda kwa watu sita akauliza umri wa mtu, wakamjibu rika lake, kwa sababu hapa ndivyo mtu anavyohesabiwa. Hakuna aliyedanganya. Yeye ndiye aliyechukua majibu ya kweli na kutaka kuyapeleka Marekani yakiwa uongo.

"Kwa nini alienda mapema hivyo? Miaka tisa."

Kimeli alichuma mashina matatu kabla ya kujibu.

"Hiyo si ya ndani ya jando, kwa hivyo naweza kukuambia. Babu alikuwa mgonjwa. Alisema anataka kuona wajukuu wake wote wawili wakitoka, na babu hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Februari iliyofuata akatuacha. Na Kiplangat alikuwa ananishinda urefu tayari, hakuna mtu aliuliza."

"Huko ndani, kuna kitu chochote kilichoandikwa, kinachoonyesha kwamba alikuwa mtoto?"

"Mambo ya menjo haitoki," alisema, akimaanisha kibanda ambamo wavulana hukaa wakifunzwa. Hakupandisha sauti. "Haitoki kwa bibi yangu, haitoki kwa mama, haitoki kwa wewe. Walimuuliza huko ng'ambo akanyamaza. Alifanya vizuri."

"Kunyamaza kwake ndiko kunamharibia."

"Najua. Ametupigia simu. Alisema wakimuuliza tena atanyamaza tena." Kimeli alivuta kamba ya kikapu begani. "Alikuwa mdogo kuliko sisi wote na ndiye alishika sana ile tulifunzwa."

Nyathira alimwonyesha picha ya barua kwenye simu. Kimeli alifuta mikono kwenye suruali, akaishika simu kwa muda mrefu, akiivuta picha huku na huku.

"Hii sijawahi ona."

"Ni ya siku ya kutoka kwenu."

"Siku ni hiyo. Lakini picha sijawahi ona. Tulipigwa na fundi mmoja wa Bomet tu, na yake iko kwa nyumba. Siku ya kutoka ilikuwa nje, watu wote waliona, kwa hivyo mama anaweza kukuonyesha."

* * *

Rodah, mama yao, alimkaribisha Nyathira kwa chai ya maziwa kabla ya kumwuliza alilotaka. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chake chini kwa uangalifu mkubwa, jinsi mtu anavyofanya akiogopa kukirusha.

"Kwa hivyo wanauliza mimi nilizaa lini."

"Ndiyo, mama."

"Walimpima mkono. Alinitumia picha, mzee mzima ameshika futi, anapima mkono wa mtoto wangu. Wakapima kiganja. Wakampima akiwa na nguo ya ndani mbele ya watu, wakaandika. Yote wameamini, kwa sababu walipima wao. Sasa hii yangu ndiyo inawashinda." Alionyesha mlango wa chumbani. "Nilikuwa kwa hiyo kitanda ya ndani. Mvua ilikuwa imekataa kuanza, tulikuwa hatujapanda mahindi. Wanataka nini? Niwaite wakati ingine waje kuona?"

Nyathira aliomba kuiona picha ya fundi.

Picha ilikuwa ukutani, juu ya redio, kwenye fremu iliyovishwa kitambaa cha kushona. Rodah aliishusha, akapangusa kioo na kiwiko. Ilikuwa picha kubwa, ya kung'aa bado. Fundi wa Bomet alikuwa amesimama pembeni, si mbele, na alikuwa amebonyeza wakati mstari unavunjika. Mzee mmoja mwenye mkongojo alikuwa amejaribu kucheza na kofia yake ilikuwa hewani.

"Huyo ni babu yao," alisema Rodah. "Alikuwa ameambiwa asisimame. Akasimama, akacheza, kofia ikatoka. Watoto walicheka mpaka wakasahau heshima."

Vijana wote kumi na mmoja walikuwa wakicheka. Mashada yale yale, mpangilio ule ule, bango lile lile la kanisa lililopasuka kona. Kiplangat alikuwa amerudisha kichwa nyuma na kinywa chake kilikuwa wazi kabisa.

Nyathira aliisogeza picha dirishani. Kisha akatoa lenzi ndogo aliyokuwa ameibeba tangu enzi za polisi, akainama.

Alikaa hivyo muda mrefu hata Rodah akauliza kama anaona vibaya.

"Naona vizuri, mama. Meno yake yalikuwa hivi wakati huo?"

"Pengo? Alikuwa na pengo ndiyo. Tulimcheka. Mwanaume ametoka jando na hana jino." Rodah alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Ilimea mwaka uliofuata."

Lenzi ilisogea kuelekea ukingo wa kulia wa picha. Pale, mbele ya mstari, alisimama mwanaume wa makamo mwenye koti la kijivu, simu ameiinua kwa mikono miwili usawa wa uso, anawapiga vijana picha. Alikuwa mtu pekee aliyesimama upande huo. Nyathira aliweka simu yake kando ya fremu, akalinganisha. Picha ya barua ilikuwa imepigwa kutoka pale pale alipokuwa amesimama huyo, sekunde chache kabla kofia haijaruka.

"Huyu ni nani, mama?"

"Huyo ni mwalimu Nicholas. Ndiye alikuwa mwalimu wao kwa menjo, na tena ndiye alimfunza huo mpira kabla aende ng'ambo. Mtu wa maana sana. Alikula hapa siku hiyo."

Nyathira alimwomba picha kwa siku moja. Rodah aliifunga kwenye leso, akafunga fundo mara mbili.

"Ukipoteza, usirudi hapa."

* * *

Daktari wa meno mjini Kericho aliitwa Osoro, na Nyathira hakumwambia chochote. Alikuwa ameipitisha picha kwenye mashine ya kunakili pale Bomet, akakata kinywa peke yake, bila macho, bila pua, bila urefu. Alimwekea mezani.

"Nataka umri."

Osoro aliiangalia bila miwani, kisha na miwani, kisha akaiweka kwenye kompyuta na kuikuza.

"Haya mawili ya mbele juu ni ya ukubwani, lakini bado yana mawimbi ukingoni. Hayajatafuna miaka mingi. Hili la pembeni, la kulia, limetoka nusu. La kushoto halijatoka, hapa ni ufizi mtupu. Chonge zote bado za utoto, unaona zilivyo ndogo." Alisukuma kiti nyuma. "Miaka minane. Tisa. Wavulana wengine huchelewa, kwa hivyo ukinibana sana nitasema kumi."

"Nikikuambia ana kumi na nne, anaenda kumi na tano?"

"Nitakuambia umeniletea kinywa cha mtu mwingine."

"Na kama ni mrefu? Mrefu kupita kawaida, mrefu kuliko vijana wa kumi na nne?"

"Mifupa ya miguu na meno haziendi kwa saa moja. Nimeona watoto warefu kunishinda wakiwa bado wana meno ya maziwa. Mwezi siwezi kuapa. Miaka naweza."

"Andika hivyo."

Aliandika, akatia sahihi na nambari yake ya usajili. Kisha akataka kuiona picha yenyewe, kwa sababu hakupenda kutia sahihi juu ya nakala. Nyathira alifungua leso. Osoro alitazama kijana mrefu aliyecheka, akamtazama Nyathira, akarudi kwenye picha.

"Huyu si ndiye yule wa mpira, wa Silibwet?"

"Ndiye."

"Na nani amesema ni mzee?"

"Hapo ndipo naenda."

* * *

Mwalimu Nicholas alikuwa uwanjani nje ya mji wa Bomet, filimbi shingoni, na vijana ishirini mbele yake. Akademia yake haikuwa na vifaa vya maana: magunia ya chai yaliyojazwa maganda ya mbao, yamefungwa kwenye nguzo. Aliwaamuru vijana wakae chini hewani, magoti yakikunjwa, mgongo wima, mikono mbele.

"Kaa kwa kiti," alisema. "Kiti haionekani lakini iko. Usimrukie mtu. Mngoje yeye akuje."

Nyathira aliyatambua maneno hayo. Alikuwa ameyasoma kwa Kiingereza kwenye ukurasa wa pili wa faili. Kwa hiyo yalikuwa kweli, mtu huyu ndiye aliyemtengeneza Kiplangat, na hilo lilimkasirisha zaidi kuliko kama angekuwa tapeli mtupu.

Alingoja filimbi ya mapumziko. Walisalimiana vizuri, mwalimu akauliza habari za Kericho, Nyathira akauliza habari za vijana.

"Mwalimu, nahakikisha tarehe tu. Jando la akina Kimeli lilikuwa lini?"

"Tulitoka kumi na tano Desemba, elfu mbili kumi na mbili. Jumamosi."

"Una uhakika?"

"Madam, nilikuwa mwalimu wao. Nani atajua kama si mimi?"

"Nashukuru. Barua iliyopelekwa Marekani inasema hivyo hivyo."

Mwalimu aliitazama filimbi yake. "Barua gani?"

"Isiyo na jina. Ilikuwa na picha hii." Aliinua simu. Kisha akafungua fundo la kwanza la leso, na la pili, akamwekea fremu mkononi. "Na hii ni ya fundi wa Bomet. Wewe ni huyu hapa."

Mtu akiguswa na ukweli ghafla huangalia pembeni kwanza, kuona ni nani mwingine ameona. Nicholas aliwaangalia vijana. Walikuwa mbali, wakinywa maji.

"Picha inaweza kutoka kwa simu ya mtu ikaenda popote," alisema.

"Inaweza. Uliipa nani?"

Nicholas alifunika lile koti la kijivu pichani kwa kidole gumba.

"Mwalimu, uliipa nani? Nitamfuata huyo, nikuache."

"Sijaandika uongo." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeonewa. "Yeye ni rika ya Kimeli. Uliza mtu yeyote hapa."

"Niliuliza sita. Wote walisema hivyo, na wote walisema kweli. Lakini wewe hukuandika rika. Uliandika mwaka wa kuzaliwa. Na wewe ndiye ulikaa naye kwa hicho kibanda, ukamwona hana jino, unajua kabisa alikuwa mtoto wa miaka tisa. Ulijua wazungu hawajui tofauti ya rika na umri, ukaitumia."

"Nilimtoa kwa ng'ombe!" Vijana waligeuka, naye akashusha sauti. "Hakujua kuweka mguu. Mimi nilimweka kwa kiti miaka mitatu, kila asubuhi. Nikamtafutia shule huko. Kulikuwa na ajenti, mtu wangu, tumeelewana. Kiplangat akasaini na mtu mwingine. Halafu anaulizwa kwa televisheni nani alimfunza, anataja kocha mzungu. Nilitaka arudi tu. Nilitaka aogope kidogo, anipigie simu, tuimalize."

"Alikupigia?"

"Hapana."

"Alinyamaza."

"Ndiyo."

"Walimuuliza mambo ya menjo akakaa kimya dakika nne mbele ya watu walioshika maisha yake. Angesema neno moja tu, nilikuwa wa miaka tisa, nilikuwa mdogo wa wote, yangeisha. Hakusema. Unajua kwa nini?" Nyathira alichukua fremu mikononi mwake. "Kwa sababu wewe ulimwambia asiseme. Uliandika barua ukijua kwamba hawezi kujitetea, na ni wewe mwenyewe uliyemfunga mdomo akiwa mtoto. Nimekamata wezi miaka kumi na miwili, mwalimu, na wengi wao walikuwa na aibu kukushinda."

Nicholas aliegemea gunia.

"Utawaandikia jina langu?"

"Wazungu hawakujui, na hawatajali."

"Na hapa?"

Ndipo Nyathira alipoelewa anaogopa nini. Hakuogopa polisi. Aliogopa vijana kumi na mmoja, ambao sasa walikuwa wanaume wenye nyumba zao, na wazee waliowakabidhi kwake.

"Mambo ya jando si yangu, mimi ni mwanamke na tena si wa hapa," alisema. "Lakini Kimeli ameiona picha ya barua. Alisema hajawahi kuiona. Leo jioni narudisha fremu kwa mama yake, na Kimeli ataniuliza nani alikuwa amesimama mbele ya mstari. Sitamdanganya."

Alifunga leso, fundo mara mbili.

* * *

Saa kumi na moja jioni, ambayo ni asubuhi kwao, skauti alipiga simu. Alikuwa ameisoma ripoti ambayo Nyathira alimtumia mchana. Alikuwa na sauti ya uchangamfu, ya mtu aliyeamka na habari njema.

"Hili jino ni ajabu," alisema kwa Kiingereza. "Daktari wetu ameliangalia. Anakubali. Tarehe imetoka kwa mshtaki mwenyewe, kwa hiyo hatuna haja ya karatasi yoyote. Safi kabisa. Kwa nini hakutuambia tu?"

"Kwa sababu mlimuuliza siri ya watu wengine."

"Lakini ingemsaidia."

"Ndiyo, ingemsaidia yeye." Nyathira alikuwa ameegesha gari kando ya barabara, chini ya boma la Rodah, na kwa mbali aliwasikia ng'ombe wakirudi. "Ripoti yangu ina ombi moja, ukurasa wa mwisho. Umelifikia?"

"Lile la kufuta mstari wa tabia? Hiyo si kazi yako, kwa heshima. Hiyo ni tathmini yetu."

"Umeandika kwamba kazi ya mlinzi wa kushoto ni kusimama mbele ya mwenzake asiondoke, hata apigwe vipi, wala asitarajie mtu amtaje. Uliandika wewe, ukurasa wa kwanza. Kisha mkamsukuma dakika nne, watu watano kwa mmoja, awatoe wenzake kumi ili ajiokoe. Hakusogea. Na mkaandika mkaidi. Sasa nieleze mnapima nini huko."

Nyathira alisikia karatasi ikigeuzwa, kisha ikirudishwa.

"Nitaliangalia," alisema skauti hatimaye. Sauti haikuwa na uchangamfu tena. "Nitaufuta."

Nyathira alipanda mlima kwa miguu, fremu kwapani. Rodah alikuwa akikamua, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe. Kimeli alisimama karibu na lango, mikono imekunjwa, akimtazama Nyathira usoni, na Nyathira alijua kwamba swali lake litakuja na litahitaji jina. Lakini mama alikuwa wa kwanza.

"Umerudisha picha yangu?"

"Hii hapa, mama. Na wamekubali."

Rodah hakuacha kukamua. "Wamekubali nini?"

"Kwamba ulimzaa Machi, elfu mbili na tatu."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo, mara mbili, mara tatu.

"Waambie asante," alisema Rodah, "kwa kunijulisha."